Maelekezo ya ngoma ya Kiskoti yakigongana: anza na dalili

Kila Januari, usiku wa Burns wa tarehe 25, wa kumkumbuka mshairi wa Kiskoti Robert Burns, unapokaribia, simu yangu hujaa swali lilelile kutoka kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili huku Scotland. "Dada, nimealikwa kwenye ngoma. Nina karatasi mbili za ngoma moja. Hii inasema mzungukane kwa mkono wa kulia mara moja, ile inasema mara moja na nusu. Nifuate ipi?"

Nimeandika hapa matatizo yanayorudi mara nyingi zaidi. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile mnachokiona kikiharibika ukumbini, na kila dalili inaanza na sababu iliyo ya kawaida kuliko nyingine. Angalieni vitu rahisi kwanza. Mara nyingi utakuta karatasi zote mbili ziko sawa, ila kila moja imefupishwa na mtu aliyedhani msomaji wake anajua tayari.

Kwanza wekeni seti sawa

Seti ya kawaida ina jozi nne: wanaume mstari mmoja, wanawake mstari wa pili, mkitazamana. Kichwa cha seti ni upande wa wapiga muziki. Mwanamume huwa amewapa wanamuziki bega la kushoto, mwanamke la kulia. Jozi zinahesabiwa kuanzia kichwani. Mkikosea hapa, hakuna karatasi itakayowaokoa, na nimeona watu wazima wakibishana robo saa juu ya maelekezo kumbe seti nzima imesimama kinyume.

Muziki unakwenda kwa vipimo (bars kwa Kiingereza), na vipimo hufungwa katika mafungu ya 8. Hatua moja ya kusafiri hula kipimo kimoja, iwe muziki ni rili, jigi au strathispei ile ya taratibu. Kuseti, yaani kucheza papo hapo ukimwelekea mwenzako, hula vipimo 2. Juu ya karatasi utaona alama kama J8x32: jigi, vipimo 32, duru 8, yaani ngoma kurudiwa mara 8. R ni rili, S ni strathispei.

Sasa kigezo cha ukweli ninachokitegemea kuliko chochote. Karatasi mbili zikigongana, ruka hadi mwisho wa duru. Katika ngoma ya 8x32 kwenye seti ya jozi nne, jozi ya kwanza lazima imalize ikiwa nafasi ya pili, kila mtu upande wake, na jozi ya pili iwe imepanda kichwani. Mpangilio ni 2, 1, 3, 4. Kutoka hapo rudi nyuma tendo kwa tendo. Karatasi inayowafikisha hapo kwa hesabu sahihi ya vipimo ndiyo ya kufuata, hata kama imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha.

Dalili: duru imeisha na mtu yuko upande usio wake

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida mno, ni kiasi cha kuzunguka. Mkizungukana kwa mkono mara moja kamili, kila mmoja anarudi alikotoka. Mkizungukana nusu, au mara moja na nusu, mnabadilishana pande. Mwandishi wa muhtasari akidondosha ile nusu, mnaishia pande zisizo zenu. Hesabuni hivi: kila mara jozi inapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, weka alama moja. Mwisho wa duru alama ziwe shufwa, yaani 2, 4 au 6. Zikiwa witiri, kuna kuvuka kulikosahaulika au kuna kulikozidi.

Sababu ya pili ni nane kamili dhidi ya nusu ya nane. Mchoro wa nane ni ule wa kupita katikati ya jozi nyingine na kuwazunguka kwa nyuma. Nane kamili inakurudisha ulipoanza, nayo hula vipimo 8. Nusu inakuvusha upande wa pili kwa vipimo 4. Tuseme karatasi ya kwanza inasema jozi ya kwanza wavuke wakipeana mkono wa kulia, washuke kwa nje, nyuma ya mstari, nafasi moja, kisha wacheze nusu ya nane kuwazunguka jozi ya pili. Karatasi nyingine inasema nane, bila neno "nusu". Hesabu inamaliza ugomvi: kuvuka ni vipimo 2, kushuka 2, nusu ya nane 4, jumla 8, na mmevuka mara mbili kwa hiyo mko upande wenu. Nane kamili ingefanya vipimo 12 na kuwaacha pande za wenzenu. Alama ndogo ya ½ imepotea wakati wa kunakili, basi.

Sababu ya tatu: karatasi imekatiza katikati. Kuna ngoma ambamo jozi ya kwanza hukaa upande wa pili kwa vipimo 16 hivi kwa makusudi, ndipo irudi. Msisahihishe mapema. Endeleeni kutembea hadi kipimo cha mwisho kabla ya kusema kuna kosa.

Mkishafanya hesabu zote mbili, ya vipimo na ya kuvuka, na karatasi zote mbili zinakataa, simameni hapo. Msitunge kipande cha kujaza. Mtafuteni mwalimu au chapa ya awali ya ngoma hiyo, kwa sababu kipande cha kutunga kitaigwa na wengine, na mwakani mtakuwa na karatasi tatu zinazogongana.

Dalili: mnafika mapema na kusimama, au muziki unawaacha

Kwanza tazameni jinsi vipimo vilivyogawanywa. Karatasi fupi huandika "1–8" na kutia matendo matatu humo bila kusema kila moja linachukua ngapi. Andikeni pembeni kwa penseli: kuseti 2, kushuka kwa nje nafasi moja 2, duara la watu sita kwenda kushoto na kurudi 8, rili ya watu watatu, yaani watatu kusukana kwa kupishana, 8. Jumla ikizidi fungu, kuna tendo la nusu lililoandikwa kama zima.

Pili, njia yenyewe inaweza kuwa imefupishwa ingawa mwisho wake ni uleule. Mfano ninaoupenda ni Reel of the 51st Division. Ngoma hii ilitungwa na maofisa wa Kiskoti wa Divisheni ya 51 ya jeshi la Uingereza waliotekwa St Valery-en-Caux, Ufaransa, mwaka 1940 na kufungwa Laufen, Ujerumani. Mwanzoni jozi ya kwanza huseti, hushuka kwa nje nafasi mbili hadi chini ya jozi ya tatu, kisha hupanda katikati wameshikana mkono hadi nafasi ya pili, wakielekea kona zao za kwanza (kona ni watu waliosimama pembeni mwao, nawaeleza chini). Kuna mihtasari inayosema tu "seti, shuka, elekea kona". Mtu akishuka nafasi moja anafika mapema, anasimama kama mgeni aliyekuja kabla ya chakula, na nguvu ya ngoma inakatika.

Katika ngoma hiyohiyo, mkono ukiandikwa vibaya utaugundua bila kuuliza mtu. Baada ya kuzungukana na kona kwa mkono wa kulia, wawili wanaocheza hushikana mikono ya kushoto katikati, na watu wanne wanakuwa mstari mmoja wa kukata seti kwa mshazari. Ikirudiwa kwa kona za pili, mistari hiyo miwili inachora msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera ya Scotland. Wafungwa wale waliuweka humo wakiwa nyuma ya ukuta wa adui. Jaribuni kuzunguka kona kwa mkono wa kushoto muone: mkono wa kushoto wa kumpa mwenzako katikati hauko huru, na msalaba haupatikani. Kwa hiyo karatasi yoyote inayosema kushoto kwenye kona hapo imekosea. Kanuni hii inafaa kwingine pia. Mikono katika ngoma hizi kwa kawaida hupokezana, kulia kisha kushoto. Karatasi zikitofautiana kuhusu mkono, soma tendo linalofuata: mkono utakaohitajika hapo lazima uwe huru.

Dalili: wawili wanagongana katikati

Ngoma inayoniletea malalamiko haya ni Mairi's Wedding, rili ya vipimo 40 kwa duru. Vipimo vya 9 hadi 24 ni nusu rili nne za watu wanne kwa mshazari, kila moja vipimo 4: kona za kwanza, za pili, za kwanza tena, za pili tena. Kati ya nusu rili moja na nyingine, wawili wa jozi inayocheza hukutana katikati wakiwa mbioni. Wapishane kwa bega gani?

Hapa kuna mgongano wa kweli. Kuna wanaopishana kwa bega la kulia na kuna wa bega la kushoto, na kila upande una maandishi ya kuonyesha. Wa kushoto wana hoja nzuri: katika rili ya watu wanne, kawaida ni bega la kulia pembeni na la kushoto katikati, kwa hiyo mwili unakwenda wenyewe. Mimi hupishana kwa kushoto pale ninapoachiwa nichague. Lakini nikienda kikundi cha watu wengine nauliza, na wakisema kulia, nacheza kulia. Umbo la ngoma linabaki lilelile kwa vyovyote, maana kila kona imebadilishana nafasi na mwenzake mara mbili na wote wamerudi makwao. Kibaya ni mmoja kwenda kulia na mwingine kushoto. Hapo ndipo paji la uso hukutana na kidevu.

Kabla ya muziki, mwambie mwenzako neno moja tu: "kushoto" au "kulia". Sekunde mbili zinatosha.

Sababu nyingine ya kugongana ni herufi. Katika mihtasari ya Kiingereza, L inaweza kuwa mwanamke na inaweza kuwa kushoto. 1L ni mwanamke wa jozi ya kwanza, LH ni mkono wa kushoto, LSh ni bega la kushoto. Karatasi nyingine huandika W kwa mwanamke ili kukwepa balaa hilo. Ukinakili kutoka moja kwenda nyingine, andika neno zima. Angalia pia neno "reel": ni aina ya muziki, na ni mchoro wa watu kusukana kama ukili. Na "set" ni kundi la watu wanane, na ni tendo la kuseti. Nimewahi kutumiwa tafsiri iliyosema "jozi ya kwanza iende kwenye seti yake" mahali palipotakiwa waseti kwa kona zao. Aliyetafsiri alikuwa makini, neno lilimponza.

Mkigongana kwa nguvu, hasa kichwa, ngoma imekwisha kwa hao wawili usiku huo. Mwiteni mtu wa huduma ya kwanza. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa baada ya kugongwa kichwa ni jambo la hospitali.

Dalili: umegeukia kona isiyo yako

Simama katikati ya seti kwenye nafasi ya pili, mgongo kwa mgongo na mwenzako, utazame upande wa seti usio wako. Kona yako ya kwanza iko mkono wako wa kulia, ya pili mkono wa kushoto. Ukitumia majina: mwanamke wa jozi ya kwanza, kona yake ya kwanza ni mwanamume wa pili na ya pili ni mwanamume wa tatu. Mwanamume wa jozi ya kwanza, kona yake ya kwanza ni mwanamke wa tatu na ya pili ni mwanamke wa pili.

Karatasi zinaonekana kugombana hapa kwa kuwa moja hutaja namba na nyingine husema "kona". Hamilton House ni mfano: mwanamke wa jozi ya kwanza huseti kwa mwanamume wa pili kisha huzungukana na mwanamume wa tatu. Anayesoma kwa kona ataona ni kona ya kwanza kisha ya pili. Ni maneno mawili ya jambo moja.

Sababu adimu zaidi ni kona kuwa zimehama. Zikishabadilishana mara moja tu, mtu aliyesimama kwenye nafasi ya kona yako siye yule wa mwanzo. Uliza kama karatasi inataja nafasi au mtu. Karatasi njema husema wazi.

Dalili: jina moja, ngoma mbili

Mnaanza pamoja, na kufikia kipimo cha 5 nusu ya ukumbi inafanya kitu kingine. Mara nyingi ni Strip the Willow. Toleo la seti lina jozi nne na vipimo 40: mwanamke anashuka akizungukana na wanaume mmoja mmoja huku akirudi kwa mwenzake kila mara, kisha mwanamume anapanda akizungukana na wanawake, kisha wote wawili wanashuka pamoja. Toleo la Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, ni mstari mrefu wa ukumbi mzima, jozi zinaanza kufuatana bila kusubiri, na hakuna namba ya kuhesabu. Kwenye harusi utakutana na la Orkney karibu kila mara. Kwenye kikundi cha mafunzo usikisie, uliza.

Petronella nayo ina mkasa wake. Katika seti, jozi ya kwanza peke yake ndiyo huzunguka kwenda katikati na kuseti, mara nne kwa vipimo 16, halafu hushuka na kupanda katikati, halafu hubadilishana nafasi na jozi ya pili kwa puseti, yaani kila jozi imeshikana mikono yote miwili na jozi zinazungukana. Kwa wachezaji wa kontra, ngoma za mistari za Marekani, wengine pia hujiunga na kuzunguka. Karatasi ikisema "wote", tazama imetoka bara gani.

Onyo moja kwa Strip the Willow ya Orkney, nami nalisema kwa uzito: shikaneni viwiko au mikono imara, msimrushe mtu. Ukisikia mlio nyuma ya kisigino, au kama umepigwa teke hapo na ukigeuka hakuna mtu, toka uwanjani usikanyagie mguu huo. Hiyo inaweza kuwa kano ya kisigino imekatika, na daktari ndiye wa kuamua.

Dalili: duru ya kwanza safi, ya pili vurugu

Sababu karibu daima ni namba. Katika duru ya pili jozi ya kwanza inaanzia nafasi ya pili, na jozi ya tatu na ya nne ndizo sasa zinazochezewa kama ya pili na ya tatu. Duru ikiisha, jozi ya kwanza iko nafasi ya tatu. Inateleza hadi mkiani huku jozi mpya ikianza kichwani. Karatasi fupi haziandiki haya hata kidogo.

Kama ngoma inahitaji jozi zote nne kwa pamoja, muziki utakuwa wa duru 4, na mwisho wa duru unaweza kuwa 2, 3, 4, 1 au 2, 4, 1, 3. Seti ya jozi tatu ni duru 3 na mwisho 2, 3, 1. Karatasi inayosema 8x32 kwa ngoma ya jozi nne zote, mpigieni kiongozi wa bendi kabla ya siku yenyewe. Akishapanda jukwaani hamtamgeuza.

Dalili: karatasi zinakubaliana, mwalimu anakataa

Chama cha ngoma hizi kilianzishwa Glasgow mwaka 1923 na Jean Milligan na Ysobel Stewart, kikatoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1924, na kilipata hadhi ya kifalme mwaka 1951. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuokota ngoma kutoka maandishi ya zamani na kumbukumbu za wazee, na kuziandika upya kwa lugha moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wale mama waliliona hilo mapema. Lakini maandishi ya kale hayakusema kila kitu, na sehemu nyingine zilibidi zifasiriwe. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuwa na sababu ya kusema tofauti na karatasi yako.

Mimi huyapima hivi. Maandishi ya mtunzi mwenyewe yana uzito kuliko yote, pamoja na masahihisho ya waliochapisha. Yanafuatiwa na mchoro, kisha muhtasari, kisha kumbukumbu ya mtu. Ila kwa usiku mmoja, katika ukumbi mmoja, mazoea ya kikundi hicho yanatangulia yote. Ukialikwa kwa watu, kula kwa sahani yao, na swali lako mpelekee mwalimu wakati wa chai, kwa upole, karatasi mkononi. Mwalimu aliyefuzu mitihani ya chama atakuonyesha mstari wenyewe kwenye kitabu, au atakiri kwamba ni mazoea ya hapo.

Dalili: muziki umeanza na bado hamjakubaliana

Nyamazeni. Mfuateni anayetangaza ngoma, au jozi iliyo kichwani. Ukipotea, usimkimbilie mtu wala usivute mkono wa mwenzako. Rudi upande wako, simama kwenye nafasi unayotakiwa kumalizia fungu, seti papo hapo, na sikiliza. Muziki utakuambia fungu jipya la 8 linapoingia. Ingia nalo.